Zambarau ya Kiduha

Kiduha kikichanua ni kizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mjini, wanaoujua mtama ukiwa umeshakuwa unga, huwa hawaamini. Ukipita kando ya shamba mwisho wa mvua ukaona zambarau imejaa chini ya mabua, utasema mwenye shamba amebarikiwa. Mwenye shamba mwenyewe amekaa kivulini anapiga hesabu ya njaa.

Shamba la baba yangu, upande wa Tinde, kiduha kiliingia nikiwa bado nachunga ndama. Kilianza kwenye pembe moja karibu na njia, kikasogea, kikasogea, mpaka ikawa ukitaka kuona mtama usio nacho unakwenda kwa jirani. Kinavyofanya ni hivi. Mtama unaota vizuri, unafika magotini, halafu unaanza kunyauka kama uliokosa mvua, na mvua inanyesha. Ukiinama unaona kimea kidogo chenye majani ya kukwaruza, kimesimama karibu kabisa na shina. Kiko chini kinanyonya mizizi. Siku kinapotoa maua, kimeshashiba.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza shule huko Tabora, niko nyumbani nasubiri kuitwa kazini. Nilikuwa nimeomba ukarani Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na nikaambiwa nisubiri. Mimi kusubiri sikuwezi. Kila asubuhi nilikwenda barabarani kuangalia kama kuna mtu anayekuja na habari zangu, narudi, nakaa, nasimama tena. Mama alisema nimemchosha macho.

Dada yangu mkubwa naye alikuwa nyumbani, na watoto wake wawili. Hakuwa ameachwa. Mume wake alikuwa Geita anachimba, kwa sababu shamba lao, lililopakana na la baba, lilimalizwa na kiduha kabla ya letu. Shemeji alikuwa ametuma maneno kwa mtu aliyepitia Kahama: wakimaliza mavuno yale na hawajapata ardhi nyingine, dada afunge mizigo, awachukue watoto, wamfuate kambini. Dada hakutaka kambi. Alikwenda kule mara moja kumwona mume wake, akarudi anasimulia vibanda vilivyobanana, maji ya kununua, na watu wasiolala.

"Mtoto hana pa kukimbilia," alisema. "Akikimbia kidogo tu, shimo."

Ardhi nyingine ilikuwepo, lakini ilitaka haraka. Pori la mbung'o lilikuwa limefyekwa, mwendo wa asubuhi mpaka mchana kutoka kwetu, ili ng'ombe waweze kuingia bila kuugua. Watu wa vijiji vyetu ndio waliofyeka, baba akiwa mmoja wao, mpaka gogo likamwangukia mguuni. Waliofyeka waliambiwa wachague kwanza, wao au watoto wao. Na kuchagua, kwetu, ni manyara. Unakata vijiti vya manyara, ule mti wa maziwa tunaouzungushia boma, unakwenda kuvichomeka kwenye pembe za sehemu unayoitaka. Vinashika vyenyewe. Mwanangwa, yaani mkubwa wa eneo, akikuta manyara yako yamesimama, hapo ni kwako, na hakuna wa kukuuliza.

Baba hakuweza kutembea. Akaniita.

"Nenda na dada yako mkachague."

"Baba, na nikiitwa kazini?"

"Wakikuita watakuta una miguu. Nenda."

Tulitoka alfajiri, mimi, dada, na mama mmoja jirani yetu aliyekuwa anakwenda kumchagulia mtoto wake wa kiume. Mama huyu alikuwa mnene, mcheshi, na anapumzika anapotaka. Dada alikuwa amebeba kichwani mzigo wa manyara uliofungwa kwa kamba ya katani, ameufunika majani mabichi maziwa yake yasimdondokee machoni. Mimi nilibeba kibuyu cha maziwa ya mgando na mfuko wa michembe, viazi vyetu vya kukaushwa. Nilipanga tufike, tuchomeke, turudi kabla ya giza. Sikuwa nimempangia dada.

Maana dada alisimama kwenye kila ua la zambarau.

"Simama."

"Dada, jua hilo."

"Liache lipande. Njoo uone hili."

Lilikuwa kando ya njia, mmea wa urefu wa mtoto, maua yameinama. Dada akaingiza kidole ndani ya ua, kikaingia chote. Ndani kulikuwa na vidoadoa. Akachuma jani, akalitemea mate, akalisugua kati ya vidole, likaanza kuvutika.

"Mlenda pori," akasema. "Ukiuona mahali, usiogope."

Mama jirani alishaanza kuchuma majani anayatia kwenye kanga. "Mboga ya jioni hiyo. Mimi siogopi tangu zamani."

Tukaendelea kidogo, zambarau nyingine. Ilikuwa ndani ya shamba la zamani lililoachwa, mabua ya mwaka uliopita bado yamesimama yamekauka. Hapo hatukuhitaji kuambiana. Maua yamejipanga kwenye shina moja juu ya jingine, midomo imefunguka imelala bapa, majani ukiyashika yanakwaruza. Dada hakulichuma. Alipita akiwa ameshika sketi yake isiguse.

"Kwa mbali yote ni zambarau tu," nikasema.

"Kwa mbali hata mimi na wewe ni mtu mmoja."

"Huyu msomi," mama jirani akasema, "anataka maua yasimame barabarani yamwamkie. Shikamoo bwana karani, mimi ni kiduha."

"Marahaba," nikasema, maana nilikuwa nimechoka kusimama.

Walicheka mpaka dada akashusha mzigo. Tukapoteza muda tena kwa kuupandisha.

Mwanangwa tulimkuta nyumbani kwake anasuka kamba ya kitanda. Alikuwa mtu mzima mwenye koti la kaki ambalo nadhani hakulivua hata kwenye joto. Tulipiga magoti kidogo, tukapiga makofi, mwangaluka, mwangaluka, habari za kaya, habari za ng'ombe. Alipomaliza kuuliza habari za kila mtu aliyefyeka naye, ndipo akasimama atuonyeshe.

Tulikuwa tumechelewa. Manyara ya watu yalikuwa yamesimama kila upande, mengine yameshaanza kuchipua. Zilibaki sehemu mbili za kutosha kaya. Moja ilikuwa juu, kokoto tupu, jembe likigonga utasikia mlio. Nyingine ilikuwa chini, karibu na kijito, udongo wake ukiushika unavunjika vizuri mkononi kama ugali wa jana. Na hiyo ya chini ilikuwa imejaa zambarau. Nyasi zimesimama, na katikati ya nyasi maua, maua, maua, mpaka ng'ambo.

Dada alisimama ukingoni hakuingia.

"Hii wote wanaikimbia," mwanangwa akasema.

"Ni kiduha?" nikauliza.

"Mimi sisemi kitu. Nikisema ni kiduha, mtasema nimeificha ili nimpe ndugu yangu. Nikisema si kiduha, mkipanda mkakosa mtakuja kunidai chakula. Angalieni wenyewe."

Dada aliingia, akachuma mmea mmoja, akaugeuza. Si mlenda pori, hilo lilionekana mara moja, kidole hakiingii. Shina limesimama wima, maua yanapanda juu. Majani yanakwaruza kidogo. Kidogo tu, lakini yanakwaruza. Akanipa. Nikaugeuza mimi. Kwa kweli nilisema ni chenyewe.

"Midomo yake," dada akasema. "Mbona kama imekaa sawasawa?"

"Midomo ni midomo."

"Tuuweke juani."

Hiyo ndiyo kazi ya kwetu. Kila mtoto wa Tinde anajua kwamba kiduha ukiking'oa ukakilaza juu ya jiwe la moto, hakikauki kama nyasi. Kinakuwa cheusi, cheusi kama sufuria. Mlenda haufanyi hivyo, majani mengine hayafanyi hivyo. Kwa hiyo tukauweka mmea juu ya jiwe uani kwa mwanangwa, tukakaa kusubiri. Niliumia. Mama jirani hakusubiri. Alikwenda juu kwenye kokoto, akatafuta upande wenye afadhali, akachomeka manyara yake, akarudi anajipepea.

"Nimepata mawe mazuri," akasema. "Mtoto wangu ana mgongo, atayatoa."

Jua lilipoanza kugeuka tulienda kuangalia jiwe. Mmea ulikuwa mweusi, maua, majani na shina. Dada aliushika ukavunjika, ukamwachia masizi kwenye vidole.

Alikwenda akakaa kando ya mzigo wake wa manyara, akaanza kuyafunika vizuri tena kwa yale majani, kana kwamba yatakwenda safari nyingine. Nikajua anafikiria Geita. Mama jirani naye alijua, maana aliacha mzaha.

"Pole, mayu. Chukua kipande huko juu karibu na changu. Tutagawana mawe."

"Wabeja, mama," dada akashukuru. "Huko juu hakutoshi watu wawili. Hata wewe unajua."

"Najua. Nimesema tu."

Mimi nilitaka tuondoke. Lakini mwanangwa alikuwa ametuma tuletewe chakula, na kwa mwanangwa huondoki ukiambiwa chakula kinakuja. Nikaenda ukingoni mwa lile shamba, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Mikono yangu haiwezi kukaa bure. Nikavuta bua la nyasi, nikaanza kuchomoa maua, ua ukilivuta taratibu linatoka na shingo yake, lina tundu kule nyuma, nikayapitisha kwenye bua moja baada ya jingine. Sikuwa nafikiria chochote. Nilikuwa nafanya kama tulivyofanya wakati wa kuchunga ndama, unatunga ushanga wa maua, unaufunga, unamvika ndama unayempenda, wenzake wanaula. Bua likajaa. Nikarudi nalo uani nikalitupa karibu na dada.

Aliliangalia muda.

"Umefanyaje hivi?"

"Nini?"

"Hizi shanga."

"Nimetunga tu. Chakula hakiji."

"Yamekubali?"

"Dada, hayo hapo."

Akalichukua lile bua, akalishika kwa ncha zote mbili, akalizungusha. Maua yalikaa yamenyooka, kila moja limelikumbatia bua, hakuna lililochanika.

"Kiduha hakikubali kutungwa," akasema.

Nikamtazama. Na hapo nikakumbuka, nikakumbuka mpaka harufu ya ndama. Kiduha kina shingo iliyopinda. Ukipitisha bua linafika katikati, linagonga kona, linatokea ubavuni, ua linachanika. Tulijaribu sana tukiwa wadogo kwa sababu kiduha kilikuwa kingi na lile lingine lilikuwa la kutafuta porini. Dada, aliyekuwa mkubwa na mkali, alikuwa akinituma mbali kwenye nyasi nikatafute "la shanga". Hivyo ndivyo tulivyoliita. Kisha dada akaolewa, mimi nikaenda shule, pori la karibu na kwetu likalimwa lote, na lile ua tukaacha kuliona.

"Lakini limekuwa jeusi," nikasema.

"La shanga ulishawahi kuliweka juu ya jiwe?"

"Hapana."

"Wala mimi. Tulikuwa tunawapa ndama."

Nani ataweka shanga za ndama juu ya jiwe akaangalia zinakuwa rangi gani? Watu wazima wanaweka kiduha. Watoto wanatunga maua. Hakuna aliyefanya yote mawili kwa ua moja.

"Nataka kiduha chenyewe," dada akasema. "Vilinganishwe hapahapa. Kile cha shamba la zamani."

Lile shamba lilikuwa nyuma sana. Niliangalia jua, nikaangalia upande chakula kinakotoka, nikaangalia uso wa dada. Nikakimbia. Hiyo ni sehemu pekee ya safari ile iliyokwenda kwa mwendo wangu.

Nilipofika sikungoja kurudi. Nilikata bua palepale, nikachomoa ua la kiduha, nikapitisha. Likachanika. Nikachukua jingine taratibu kabisa, ulimi nje kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Likachanika. Nilichuma shina zima nikarudi nalo.

Walikuwa wameshaanza kula, wameniachia. Dada aliosha mikono, akaweka mimea miwili juu ya kigoda cha mwanangwa, huu na huu. Ukiiona pamoja hivyo unajiuliza ulikuwa kipofu namna gani. Shingo ya kiduha imepinda mbele kama mpini wa jembe ulioingiwa na maji, na midomo yake mmoja mdogo umejikunja juu, mingine mitatu mikubwa imeshuka. La shanga lina midomo mitano inayolingana, kama mtu amekunjua mkono. Rangi moja, urefu mmoja, hata ule mkwaruzo wa majani ni jamaa moja. Dada akatunga la shanga, likakaa. Akatunga kiduha, kikachanika. Akampa mama jirani naye ajaribu, kikachanika.

"Haya," mama jirani akasema huku analamba vidole. "Shingo nimeiona. Lakini yote miwili ni myeusi ikikauka. Mimi nisingelala hapo."

"Wewe unalala kwenye mawe, mama," dada akasema.

"Nalala vizuri."

Mwanangwa alikuwa anaangalia. Alichukua ule ulionyooka akautazama, akaurudisha.

"Sijawahi kuvalisha ndama maua," akasema. "Mimi nilikuwa wa mbuzi. Binti, unachagua mwenyewe. Usije ukasema mwanangwa alinipa."

"Sitasema."

"Na mume wako?"

"Mume wangu yuko Geita. Nikikosea hapa, nitakuwa huko naye. Nisipochagua, nitakuwa huko naye. Kwa hiyo."

Alichukua mzigo wake wa manyara akashuka nao. Nilimsaidia kuchomeka. Tulikwenda pembe hadi pembe ndani ya ile zambarau, na maziwa ya manyara yalinimwagikia kwenye shati langu la shule, hayajatoka mpaka leo. Tulirudi nyumbani usiku umeingia. Kwenye daftari langu la siku ile nimeandika: Tumetembea. Maua. Dada anasimama kila mahali. Nilikuwa nimechoka, sikuandika lililokuwa la maana.

Muda si mrefu nikaitwa Geita. Nilimkuta shemeji kambini, amekonda, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyusi. Nilimweleza habari ya ardhi, na kwa kuwa ni mtu wa kwetu, sikuanza na kijito wala udongo. Nilianza na maua.

"Yalikuwa meusi juu ya jiwe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na dada yako akachomeka manyara."

"Ndiyo."

Akawa anakwangua udongo kwenye beleshi lake kwa kijiti. Kisha akasema, "Nitakwenda kulima msimu mmoja. Nikikuta kiduha kwenye mtama, nawafunga wote nawaleta huku, na hatutazungumza tena habari za ardhi. Mwambie hivyo."

"Mwambie mwenyewe, unakwenda."

"Shemeji, wewe ni karani. Peleka maneno."

Alikwenda kabla ya mvua. Dada aliniambia baadaye kwamba alifika na sanduku lake la bati limefungwa kamba, akaliweka nyuma ya mlango, na hakulifungua. Nguo za kulimia aliazima kwa baba. Alijenga nyumba, akalihamishia sanduku nyuma ya mlango wa humo, akafyeka, akalima, na kamba yake ikabaki vilevile. Watoto walilikalia kama kiti.

Kulikuwa na jambo moja la mbegu. Kwetu binti akianzisha kaya yake mpya, mama yake humpa mbegu kutoka kwenye ghala lake. Ukiikataa umemkataa mama. Dada alikuwa amejipatia mbegu safi kwa ndugu zetu wa Kagongwa, ambako kiduha kilikuwa hakijafika, lakini mama alikuja kwa miguu yake na kikapu kichwani, mtama mzuri mweupe umepembuliwa. Wa shamba letu, na mbegu ya kiduha ni vumbi, haipembuliki. Dada alipokea kwa mikono miwili. Aliupanda wote pembeni, upande wa njia, mbali na ule mwingine, na hakumwambia mtu.

Nilipata likizo mwisho wa mvua. Nilishuka kwenye lori pale njiapanda, nikatembea nusu ya siku iliyobaki, na safari hii nilijikuta mimi ndiye ninayesimama. Nilisimama kwenye mlenda pori, nikatia kidole. Nilisimama kwenye zambarau nyingine nikavuta bua. Nilikuwa na haraka ya kujua, na njia ile haina namna nyingine ya kujua mapema.

Mtama wa dada ulikuwa umenipita kichwa. Nilisema hodi nikiwa bado mbali. Manyara yalikuwa yameota yamekuwa ukuta mdogo wa kijani, na kando yake, kwenye nyasi ambazo hazikulimwa, zambarau ilikuwa imejaa kama mwaka uliotangulia. Dada alinitokea kati ya mabua, mikono ina udongo. Hakunisalimu kwanza.

"Kimetoka," akasema.

"Wapi?"

"Pembeni. Kwenye mbegu ya mama."

Shemeji alikuwa amekwenda kisimani na punda. Tuliinama pamoja kwenye ile pembe. Kilikuwa kimeanza kufungua, shina hapa, shina pale, shingo zimepinda. Ndani zaidi, kwenye mtama wa Kagongwa, hakukuwa na kitu isipokuwa pale ambapo nyasi zilibaki, hapo palikuwa na la shanga moja moja. Nikaanza kung'oa kila nilichokiona.

"Huo acha," dada akasema.

"Yote ni zambarau, dada, tung'oe tumalize."

"Huo ni la shanga, unapoteza muda. Ng'oa kile. Hicho nyuma ya mguu wako. Hatuna siku za kung'oa visivyo na hatia."

Tulikuwa bado tumeinama shemeji aliporudi. Alimwacha punda na maji, akaja, akasimama nyuma yetu. Dada hakuficha mikono.

"Ndicho?" shemeji akauliza.

"Ndicho. Kiko hapa tu, kwenye mbegu ya kwetu. Huko ndani hakuna."

"Huko ndani naona zambarau."

"Huko ni la shanga."

Alivuta bua la nyasi kavu. Akachomoa ua la kiduha palepale miguuni petu, akalipitisha, likachanika. Akaondoka na bua lake akaingia kwenye mtama. Tulimsikia anakwenda mstari kwa mstari, mabua yanasugua mabega yake, anasimama, anakwenda tena. Mimi nilitaka nimfuate. Dada akanishika mkono.

"Mwache. Akitafuta mwenyewe ataamini."

Watoto walichoka kusubiri wakaanza kula michembe. Kivuli cha manyara kilifika mlangoni. Shemeji alitokea upande wa kijito, jasho tupu, bua lake limejaa maua ya zambarau toka mwanzo mpaka mwisho, yamekaa sawasawa, hakuna lililochanika. Akampa mtoto mdogo, ambaye alimpelekea punda akale.

"Pembe hiyo tu," shemeji akasema.

"Nimekwambia."

"Tukikiacha kikamwaga mbegu, mwakani kitakuwa katikati."

"Ndiyo."

"Mnakirundika hapo chini? Hapo kitamwaga hapohapo. Kinatakiwa kitoke shambani kikachomwe mbali."

"Hatuna cha kukibebea."

Aliingia ndani. Tulimsikia anavuta sanduku kutoka nyuma ya mlango, kisha kimya, kisha sauti ya kamba inayokatwa. Akatoka na gunia lake la Geita, lile alilokuwa akibebea mawe, amelikung'uta vumbi.

"Haya, jazeni," akasema.

Tuling'oa siku zilizobaki za likizo yangu yote. Jioni tunachoma kule kwenye kokoto, karibu na mama jirani, ambaye alikuwa amevuna mawe mengi na mtama wake umesimama wa kutosha, na aliyetuambia kwamba moshi wetu unamkohoza lakini tuendelee. Ua la shanga hatukuligusa.

Mama alikuja wakati wa mavuno, nikiwa nimesharudi kazini, haya nilisimuliwa. Alizunguka shamba lote, akasimama kwenye ile pembe, akauliza, "Na mbegu yangu, iliendaje?"

"Vizuri, mama," dada akamjibu. "Hakuna mbegu tuliyokaa nayo karibu kama yako."